Vumbi la Maua na Umri wa Nchi Kavu

Chavua ni unga laini unaotoka katika sehemu ya kiume ya ua, na kazi yake ni moja: kuifikia sehemu ya kike ya ua la aina hiyo hiyo ili mbegu itungwe. Chembe nyingi hazifiki. Mbelewele moja ya muhindi humwaga mamilioni ya chembe, ilhali gunzi hubeba punje mia chache tu. Zilizobaki huchukuliwa na upepo, hushushwa na mvua, hunasa kwenye majani au hutumbukia majini. Mimea isiyotoa mbegu, kama kangaga na kuvumwani, hutawanya spora zake kwa wingi kama huo, na kuvu vivyo hivyo. Kwa mmea, chembe iliyopotea njiani ni hasara. Kwa anayetafuta habari za mazingira ya kale, chembe hiyo ndiyo shahidi, kwa sababu ilianguka mahali fulani, ikazikwa, ikabaki.

Hubaki kwa sababu ya ukuta wake. Kila chembe ya chavua au spora ya mmea imevikwa gamba la sporopolenini, mojawapo ya vitu sugu kuliko vyote vinavyotengenezwa na viumbe hai. Asidi kali zinazoyeyusha mchanga haziliyeyushi, wala bakteria hawalimalizi kwa urahisi. Kiini chenye uhai hufa na kuoza muda si mrefu baada ya chembe kuanguka. Gamba laweza kudumu mamilioni ya miaka. Spora za kale zaidi za mimea ya nchi kavu zimepatikana katika miamba yenye umri wa takriban miaka milioni 470, zama ambazo dunia haikuwa na mti hata mmoja. Chavua ya mimea itoayo maua ilikuja baadaye sana, takriban miaka milioni 135 iliyopita.

Gamba hilo pia lina sura, na sura hiyo hurithiwa. Chembe ya podo, mti wa milima yenye ukungu, ina mifuko miwili ya hewa inayoiwezesha kuelea mbali. Chembe ya nyasi ni duara laini lenye tundu moja. Alizeti na jamaa zake zina chembe zenye miiba pande zote. Migunga mingi hutoa chembe 16 zilizoshikamana kuwa furushi moja. Spora za kangaga hutambulikana kwa kovu la mstari mmoja, au la mistari mitatu inayokutana katikati. Haya yote huonekana kwa hadubini tu, kwa kuwa chembe nyingi zina upana wa maikromita 10 hadi 100, na maikromita 1000 ndiyo milimita moja. Mtaalamu aliyezoea huweza kuitazama chembe na kusema imetoka katika jamii gani ya mimea, mara nyingine hata spishi ipi.

Wafuga nyuki wa mkoa wa Singida wanahusika na elimu hii kwa njia ya karibu. Asali inayovunwa Manyoni na Itigi ina chembe za chavua za maua ambayo nyuki waliyatembelea. Chembe hizo zikichujwa na kutazamwa, huonyesha asali imetoka kwenye maua ya pori au ya mashamba, na maua hayo ni ya aina gani. Asali hueleza msimu mmoja wa maua. Tope la ziwa hufanya kazi hiyo hiyo kwa maelfu ya miaka.

Ili chavua idumu, sharti izikwe mahali pasipo na hewa. Oksijeni ndiyo adui yake mkubwa. Chembe iliyoangukia udongo mkavu, unaolowa masika na kupasuka kiangazi, huoza mapema, na moto wa pori huimaliza kabisa. Iliyoangukia kinamasi au kitako cha ziwa lenye kina hufunikwa na tope, na juu yake huja tabaka la mwaka unaofuata, kisha jingine. Tabaka la chini ndilo la kale. Anayetoboa tope hilo kwa bomba na kulitoa likiwa zima hupata nguzo ambayo kila sentimita yake ni kipande cha wakati.

Mji wa Singida umekaa kando ya maziwa mawili ya chumvi, Singidani na Kindai, katika uwanda wa juu wenye mwinuko wa takriban meta 1500. Mvua ya mkoa ni milimita 500 hadi 800 kwa mwaka, nayo huja katika msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Miezi inayobaki ni ya jua na upepo. Maziwa ya namna hii hupokea chavua nyingi kutoka nchi inayoyazunguka, lakini si watunzaji wazuri wa kumbukumbu ndefu. Maji yake yana kina kidogo, hupanda na kushuka kwa kufuata mvua, na fukwe zinazoachwa wazi hupigwa na hewa. Chumvi yake yenyewe ni habari: huongezeka maji yanapopungua, na aina za madini yaliyoganda katika tope husimulia miaka ya ukame. Kwa sababu hiyo, katika nchi kavu chavua haisomwi peke yake. Husomwa pamoja na madini, makaa ya moto wa kale, na magamba ya diatomu, yaani mwani mdogo wenye gamba la silika.

Elimu ya kusoma chavua, iitwayo palinolojia, ilipata umbo lake mwaka 1916, pale Mswidi Lennart von Post alipowaonyesha wanasayansi wa Skandinavia michoro ya asilimia za chavua kutoka katika matope ya vinamasi vya nchi yake. Wazo lake lilikuwa jepesi: tusitafute chembe moja ya ajabu, tuhesabu zote, kisha tuone aina ipi iliongezeka na ipi ilipungua kutoka tabaka hadi tabaka. Afrika Mashariki iliingia katika kazi hiyo kwa nguvu katikati ya karne ya 20. Mmarekani Daniel Livingstone, aliyebuni mwaka 1955 chombo cha kutobolea tope la maziwa ambacho bado kinatumika, alifanya kazi katika milima ya Rwenzori. J. A. Coetzee wa Afrika Kusini alitoboa matope ya milima ya Kenya. Raymonde Bonnefille na Annie Vincens wa Ufaransa walitumia miongo mingi kusoma chavua ya Ethiopia, Burundi na Tanzania, zikiwemo sampuli za Olduvai na Laetoli. Nairobi, Makumbusho ya Taifa ya Kenya ina maabara ya chavua pamoja na hazina ya sampuli za kulinganishia, kwa sababu hakuna anayeweza kuitambua chembe ya kale bila kuijua ya mti ulio hai.

Kazi ya maabara ni ya subira. Kipande kidogo cha tope hutiwa asidi ya haidrokloriki ili chokaa iyeyuke, kisha potasi ili mboji itoke, kisha asidi ya haidrofloriki, ambayo huyeyusha mchanga na huweza kumuua mtu asiyejikinga. Mwisho huja mchanganyiko wa asidi unaounguza mabaki ya majani na mizizi. Kinachosalia ni magamba ya chavua na spora. Spora za mmea wa kigeni, zenye idadi inayojulikana, huongezwa tangu mwanzo ili wingi wa chavua uweze kukadiriwa. Kisha mtaalamu huketi kwenye hadubini na kuhesabu chembe 300, 400 au zaidi kwa kila tabaka. Nguzo moja ya tope yaweza kuwa na tabaka mia moja za kuhesabiwa.

Umri hupatikana kwa njia nyingine. Mabaki ya mimea yaliyomo katika tope yana kaboni-14, ambayo hupungua kwa nusu kila baada ya miaka takriban 5730. Kipimo hicho hufika kwenye miaka 50,000 hivi, kisha kaboni hiyo huwa imepungua mno isiweze kupimika vizuri. Kwa miamba ya kale zaidi hutumika madini ya volkano, kama zirikoni, ambamo urani hugeuka kuwa risasi kwa mwendo unaojulikana.

Hesabu ikishakamilika, kazi ngumu ndiyo kwanza inaanza: kuelewa maana yake. Asilimia ya chavua si asilimia ya miti. Miti inayochavushwa na upepo humwaga chembe nyingi nyepesi zinazosafiri mbali, na ile inayochavushwa na wadudu hutoa chembe chache zinazoanguka karibu. Katika soko la chavua, anayepaza sauti si lazima awe ndiye mwenye bidhaa nyingi. Podo chache zilizo mlimani huweza kuonekana katika tope la ziwa lililo bondeni, mbali na zinakoota. Miti ya miombo, kama mtundu na jamaa zake, huweza kufunika nchi nzima na bado ikaacha chembe haba. Migunga ni hivyo hivyo, kwa kuwa furushi la chembe 16 ni zito. Mtu asiyejua jambo hili angeweza kutazama tope lililozungukwa na miombo akadhani palikuwa na uwanda wa nyasi.

Nyasi nazo zina ugumu wake. Kwa hadubini ya kawaida chembe zao karibu zote zinafanana, ziwe za mbugani, za ukingo wa kinamasi au za shamba la mtama. Kwa hiyo wingi wa chavua ya nyasi waweza kumaanisha ukame ulioua miti, moto uliorudiwarudiwa, mifugo mingi, au mwambao wa ziwa uliopanuka maji yalipopungua. Msomaji mwangalifu hutafuta ushahidi wa pili. Makaa mengi katika tabaka hilo huelekeza kwenye moto. Spora za Sporormiella, kuvu inayoota kwenye samadi, huelekeza kwenye wanyama wala nyasi, ng'ombe wakiwemo. Katika ziwa Challa, chini ya Kilimanjaro kwenye mpaka wa Kenya na Tanzania, spora za kuvu zimesomwa kwa kipindi cha miaka 25,000, nazo zimekuwa nyongeza muhimu kwa habari za chavua.

Ili makosa yapunguzwe, wataalamu hukusanya kwanza chavua ya leo. Huchukua udongo wa juu, kuvumwani na tope la juu kutoka mahali ambapo mvua, joto na mimea vinajulikana, kisha hutafuta uhusiano. Ndivyo Bonnefille na wenzake walivyofanya walipoandika mwaka 1990 kuhusu kinamasi cha Kashiru, Burundi. Kwa kulinganisha chavua ya kale na sampuli nyingi za sasa, walikadiria kwamba wakati wa kilele cha Enzi ya Barafu joto la nyanda hizo lilikuwa chini kwa nyuzi 4 hivi, na mvua ilipungua kwa takriban asilimia 30. Miaka saba baadaye watafiti wengine walionyesha kwamba hewa ya ukaa, iliyokuwa kidogo sana zama hizo, ingeweza peke yake kushusha mpaka wa juu wa msitu wa mlimani. Mmea hula hewa hiyo. Ikipungua, miti hudhoofika na nyasi hupata nafasi. Makadirio ya Kashiru hayakufutwa, ila yalipata mwenza. Chavua husema mimea ilibadilika, na kinachobaki ni kupima kwa makini ni sababu zipi zilizoibadilisha.

Pamoja na tahadhari hizo, ushahidi uliokusanywa katika ukanda huu ni mzito. Mwaka 1969 Robert Kendall alichapisha habari za tope la ghuba ya Pilkington, upande wa Uganda wa ziwa Victoria. Tabaka za chini, za miaka ipatayo 15,000 iliyopita, zilijaa chavua ya nyasi. Baadaye, mvua ziliporudi, chavua ya miti ya misitu ilipanda na nyasi zikarudi nyuma. Uchunguzi uliotolewa mwaka 1996, kwa mawimbi ya sauti na matope kutoka katikati ya ziwa, ulithibitisha jambo kubwa zaidi: ziwa Victoria lenyewe lilikuwa limekauka kabla ya kujaa upya. Ziwa kubwa kuliko yote Afrika liliwahi kuwa uwanda.

Ziwa Nyasa lina historia ndefu zaidi. Kitako chake kilitobolewa mwaka 2005, na nguzo zilizotolewa zilionyesha kwamba kati ya miaka 135,000 na 75,000 iliyopita kulikuwa na vipindi vya ukame mkali ambavyo katika baadhi yake maji yalishuka kwa meta 600 au zaidi. Chavua ya tabaka hizo ni ya nchi kavu, yenye miti michache. Hakuna ukame uliowahi kuandikwa na binadamu unaokaribia huo.

Si kila mahali palipotikiswa hivyo. Katika milima ya Udzungwa, Cassian Mumbi na wenzake walisoma nguzo ya tope yenye urefu wa sentimita 266 iliyobeba takriban miaka 38,000, wakaichapisha mwaka 2008. Waliona mipaka ya misitu ikipanda na kushuka mlimani kwa meta mia moja au mia mbili hivi, lakini msitu wenyewe ukiendelea kuwepo, hata katika kilele cha Enzi ya Barafu. Kinamasi cha Deva-Deva katika milima ya Uluguru kimetoa habari inayofanana. Bahari ya Hindi iliendelea kuipelekea milima hiyo unyevu wakati nyanda za bara zilipokauka, na huenda hiyo ndiyo sababu imehifadhi mimea na wanyama wasiopatikana kwingine duniani. Kusini magharibi, tope la ziwa Rukwa limetoa kumbukumbu ya miaka 23,000, na ziwa dogo la Masoko wilayani Rungwe limetoa miaka 4200 ambamo pori la miombo lilikuwepo muda wote, mara likipanuka, mara likipungua.

Kumbukumbu hizo zote, hata ya Nyasa, ni changa mbele ya ile iliyomo katika mkoa wa Singida. Magharibi ya Singida Mjini kuna mahali paitwapo Mahenge, pasipochanganywa na Mahenge ya mkoa wa Morogoro. Miaka takriban milioni 46 iliyopita mwamba wa moto wa aina ya kimberliti, ule ule unaobeba almasi katika mgodi wa Mwadui, ulipanda kutoka kina kirefu, ukakutana na maji ya ardhini, ukalipuka. Shimo lililoachwa likajaa maji. Ziwa hilo dogo, lenye maji yaliyotulia, likaanza kupokea majani, samaki waliokufa na vumbi laini, na tope lake likageuka jiwe lenye tabaka nyembamba. Umri wake umepimwa kwa urani na risasi katika zirikoni.

Mabomba ya kimberliti ya Singida yalichunguzwa na mwanajiolojia George Mannard, aliyewasilisha tasnifu yake kuhusu jambo hilo katika Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, mwaka 1962. Tangu hapo jina la Singida limeingia katika vitabu vya sayansi kwa njia ambayo wakazi wengi wa mji hawajapata kuisikia. Kuna samaki wa kisukuku aitwaye Singida jacksonoides, aliyepewa jina mwaka 1967. Kuna chura, Singidella latecostata. Kuna popo, Tanzanycteris mannardi, ambaye sehemu ya ndani ya sikio lake ni kubwa kiasi cha kuonyesha kwamba tayari alikuwa akiwinda kwa mwangwi wa sauti yake. Kuna samaki kadhaa wa jamii ya sato na perege, miongoni mwa visukuku vya kale vya jamii hiyo vinavyojulikana. Na kuna mimea, mmojawapo Aphanocalyx singidaensis, mti wa jamii ya mikunde wenye majani mawili mawili, jamaa wa miti ya miombo ya leo.

Majani ya Mahenge yalisomwa na Bonnie Jacobs na Patrick Herendeen wa Marekani. Jani ni shahidi wa aina tofauti na chavua. Chavua husafiri na kueleza habari za nchi pana. Jani huanguka karibu na shina na kueleza habari za ufukwe wa ziwa lenyewe. Ukubwa wa jani na umbo lake huhusiana na mvua: penye unyevu mwingi majani huwa makubwa, penye kiangazi kirefu huwa madogo. Kwa kipimo hicho, watafiti hao walikadiria mwaka 2004 kwamba Mahenge ya kale ilipata mvua ya milimita 660 hivi kwa mwaka, na karibu yote, kama milimita 630, ilinyesha katika miezi ya masika. Nchi ilikuwa na miti mingi, mikunde ikitawala, lakini haikuwa msitu mnene.

Matokeo hayo yanastahili kutafakariwa kwa utulivu. Miaka milioni 46 iliyopita dunia ilikuwa na joto kuliko leo, ncha zake hazikuwa na barafu kubwa, na hewa ya ukaa ilikuwa nyingi zaidi. Bara la Afrika lilikuwa kusini kidogo ya lilipo sasa. Bonde la Ufa la mashariki lilikuwa halijafunguka, Kilimanjaro haikuwepo. Picha iliyozoeleka ya Afrika ya zama hizo ni msitu wa mvua kutoka pwani hadi pwani, uliokauka baadaye kidogo kidogo na kuacha mbuga. Jiwe la Singida linaikataa picha hiyo. Milimita 660 ni mvua ambayo mkulima wa Singida wa leo anaijua. Masika moja na kiangazi kirefu ni mwaka ambao mfugaji wa leo anaujua. Pori la mikunde lenye miti isiyobanana ni pori ambalo mlina asali wa Manyoni anapita ndani yake. Mambo mengi yamegeuka katikati, na hakuna anayesema ukavu huo umekaa bila kukatika kwa miaka yote milioni 46. Lakini nchi kavu yenye miti si jambo jipya hapa, wala haikuletwa na shoka peke yake.

Mkono wa binadamu nao unaonekana katika chavua, na ni wa hivi karibuni. Katika vinamasi vya Kigezi, Uganda, kupungua kwa chavua ya miti ya msitu kunaonyesha kwamba ufyekaji ulianza zaidi ya miaka 2000 iliyopita. Mahindi, ambayo asili yake ni Amerika, yana chembe kubwa isiyochanganywa kirahisi na ya nyasi nyingine, kwa hiyo tabaka lenye chembe hiyo haliwezi kutangulia safari za Wareno za karne ya 16. Mikaratusi na misindano iliyoletwa wakati wa ukoloni huweka alama yake juu zaidi. Mtama, uwele na ulezi, vyakula vya asili vya nchi kavu, havitoi alama iliyo wazi hivyo, kwa sababu chembe zao hufanana na za nyasi za porini. Kwa hiyo kilimo cha kale cha nyanda za kati ni kigumu kukiona kwa chavua, na mtu asichukulie ukimya huo kuwa ushahidi kwamba watu hawakuwepo.

Thamani ya elimu hii kwa Singida ni ya vitendo. Mabadiliko ya tabianchi yanajadiliwa kila siku, na vipimo vya mvua vya kituo cha hali ya hewa vinarudi nyuma miongo michache tu. Katika muda mfupi kiasi hicho, mwaka mbaya huonekana kuwa mwisho wa dunia na mwaka mzuri huonekana kuwa kawaida. Chavua hupanua upeo. Huonyesha kwamba Afrika Mashariki iliwahi kupata ukame uliokausha maziwa makubwa, na pia mvua zilizoyajaza upya. Huonyesha kwamba mimea huweza kuhama na kurudi ikiwa imeachiwa njia ya kurudia, yaani mbegu, ndege, nyuki na vipande vya pori vilivyounganika. Pori likishakatwa vipande vipande, njia hiyo hufungwa, na ukame ambao zamani ungepita huacha jeraha la kudumu.

Huonyesha pia kosa moja la kufikiri. Pori la miombo na vichaka vizito vya Itigi mara nyingi hutazamwa kama msitu ulioshindwa, ardhi isiyo na faida inayosubiri kufyekwa kwa ajili ya mkaa au kupandwa miti ya kigeni inayokunywa maji mengi. Ushahidi wa Mahenge unasema mimea ya aina hiyo ina asili ya kale sana katika nyanda hizi. Imejifunza kuangusha majani kiangazi, kuhifadhi chakula mizizini, na kuchanua kwa kufuata mvua isiyoaminika. Hakuna mti wa kitalu uliopitia mtihani mrefu kama huo.

Kwa hiyo kampeni za kupanda miti katika mkoa huu zianze na miti ya hapa: migunga, mikwaju, mininga na mitundu, na mahali pengi zianze kwa kuyaacha mapori yajiotee. Walimu wa jiografia na biolojia wa Singida wawaeleze wanafunzi habari za Mahenge, kwa kuwa wachache duniani wana hazina kama hiyo karibu na madarasa yao. Na wanaochimba mawe, kokoto na mchanga wakumbuke kwamba jiwe lenye alama ya jani au samaki ni mali ya taifa inayolindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Likipondwa kuwa kokoto, hakuna maabara yoyote itakayoweza kulisoma tena.